Wanasema Neema Ndiye Aliyekausha Chemchemi

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimerudi na ndoo mbili nusunusu. Tope. Nimechuja kwa kanga mara tatu, nikachemsha ya mtoto wa Neema kwanza. Ya kupikia maharage hayakubaki.
Nilipofika chemchemi wanawake walinyamaza. Najua kwa nini. Binti yangu Neema amezalia nyumbani bila mume, kisha akachota maji pale. Mila yetu sisi Wairaqw ilikataza, eti chemchemi hukauka. Padri anasema tuache mambo hayo. Lakini padri ana tanki.

Jumatano, 8 Oktoba
Leo kwenye kuni, karibu na mpaka wa msitu wa Ngorongoro, nimekutana na Mzee Tluway. Yule wa begi na fimbo, anapanda milima peke yake kwa kupenda tu. Vijana wanamwita mtalii. Anawajibu, "Mtalii gani hana dola?" Anajua nani alilima wapi zamani, na ng'ombe wa Wamasai walipita wapi.
Nikamuuliza habari ya chemchemi. Akasema ilishakauka yeye akiwa mtoto, ikarudi. Neema hata hajazaliwa! Nimemshika mkono nikalia kama mjinga. Amekubali kuja kusema kwenye kikao cha majirani. Wanataka Neema aondoke.

Alhamisi, 9 Oktoba
Sijala. Neema ananiambia, mama kula.

Jumapili, 12 Oktoba
Kikao baada ya misa. Mzee alieleza vizuri. Watu wakaanza kulegea, nikapumua.
Halafu Mama Elibariki akauliza, "Haya babu, na mwaka ule ilirudije?"
Nilimwomba kwa macho. Angesema mvua tu. Mzee yule hajui kudanganya. Akasema walimtoa msichana aliyezaa bila kuolewa, wakamvusha mpaka wa nchi yetu. Mvua ikanyesha. Akaongeza haraka kwamba msimu ulikuwa umefika, ingenyesha tu. Nani alimsikia?
"Umesema mwenyewe, babu!" Mama Elibariki akadakia. Kikao kikaamua Neema aondoke.
Njiani akaniambia yule msichana alikuwa dada yake. Hawakumwona tena. Nina hasira naye. Na mimi ndiye niliyemleta.

Jumatatu, 13 Oktoba
Neema anafukuzwa, baba yake amekaa tu. Anachonga mpini wa jembe siku nzima. Namchukia leo.

Jumatano, 15 Oktoba
Neema ameondoka asubuhi, mtoto mgongoni. Anakwenda Digodigo, ng'ambo ya Ngorongoro, kwa dada yangu aliyeolewa huko. Hakulia. Nimempa blanketi langu, kule juu Ngorongoro ni baridi. Mtoto alikuwa amelala, sikumwamsha nimuage.
Barabara ya huko mbaya. Gari likikwama wanalala njiani. Nimekaa na simu mapajani tangu mchana.
Ukifika piga, mwanangu. Upesi. Hata usiposema kitu, nisikie tu mtoto analia.