Nilimwazima, Sikuazima

Kibokoni, Mombasa
3 Februari 1947

Mwanangu Zein,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima. Mama yako kifua kimemwachilia, alhamdulillahi. Wewe je, baridi ya Kampala yakuonaje?

Ami yako Taib amekupatia kazi ya ukarani gatini Mbaraki. Rudi. Nasikia wataka kubaki chuoni miaka zaidi usome Kiingereza. Si udaktari, si uhandisi, Kiingereza kitupu! Ulicho nacho chatosha kumjibu Mzungu. Mimi nasomesha Qur'ani watoto wa mtaa mzima katika uwanja wetu, na hicho Kiingereza sijakihitaji. Panda gari la moshi wiki hii.

Babako,
Muhdhar

Makerere, Kampala
16 Februari 1947

Baba yangu mheshimiwa,

Waalaykum salaam. Naubusu mkono wako na wa mama. Mimi mzima, ila samaki wa huku hana ladha.

Baba, sirudi. Neno hili nimeliandika, wala silifuti. Karani hunakili maneno ya watu. Mwenye kukisoma Kiingereza mpaka ndani aweza kuwa mwalimu, mkalimani, mwandishi wa gazeti, hata wakili akiendelea mbele. Kumjibu Mzungu hakunitoshi. Nataka nimwulize mimi, ajibu yeye.

Mwanao,
Zein

Kibokoni
9 Oktoba 1947

Zein,

Salamu. Mama yako mzima, nami mzima wa mwili. Miezi yote hii sikukujibu kwa hasira, na hasira ingalipo.

Lakini sikiliza. Yule jirani auzaye mbao amenishtaki, adai uwanja wangu wa kusomeshea ni wake. Mahakamani nilisema, "Nilimwazima uwanja aweke mbao zake." Mkalimani akamwambia hakimu kwamba mimi ndiye niliyeazima kwake! Barnabas, karani wa reli aliyepanga chumba kwetu, alikuwa amekaa nyuma. Akasimama, akapaza sauti, "Sivyo alivyosema mzee!" Wakamtoa nje. Nikaamriwa nihame.

Sikuombi kitu. Nakuarifu tu. Watoto wasoma pale pale, nami sitoki.

Babako

Makerere
18 Oktoba 1947

Baba yangu,

Naubusu mkono wako. Mpe mama pole, kisha mwambie asifungashe hata kawa moja ya kufunikia chakula.

Usitoke! Mitihani imenizuia kuja, lakini nimeandika maelezo kwa Kiingereza, yamo humu bahashani. "Kuazima" kwetu kuna pande mbili, wa mtoaji na wa mpokeaji. Kiingereza kina neno lake kwa kila upande, na mkalimani alishika lisilo lako. Lakini ukisema "nilimwazima", mtoaji ni wewe, na hilo kila mtoto wa Mombasa hulijua. Nimeandika wazi kwamba mahakama imekuhukumu kwa maneno usiyoyasema. Mwalimu wangu alinishauri niilainishe sentensi hiyo. Sikuilainisha.

Taka kesi isikizwe upya, na Barnabas ayasome maelezo haya.

Mwanao,
Zein

Kibokoni
12 Desemba 1947

Mwanangu Zein,

Assalaam alaykum. Mama yako akusalimu sana, amekaanga kaimati leo na kuwagawia watoto wote.

Tulipata hakimu mwengine. Barnabas alisoma, na alipofika kwenye sentensi yako ile, watu wa mahakama wakatazamana. Hakimu akamwuliza mkalimani, "Ukimpa mtu kitu akitumie kisha akirudishe, wasemaje?" Mkalimani akainamisha kichwa, akajibu, "Nimemwazima, bwana."

Uwanja ni wetu. Mbao zaondolewa hivi sasa, zapiga kelele mkokoteni, na watoto wazidi kupaza sauti wasishindwe nazo.

Kisha hakimu akauliza ni nani aliyeandika maelezo yale. Nikasema ni mwanangu. Akasema, "Mwite aje, mahakama yahitaji mkalimani kama huyu." Ami yako Taib akanikanyaga mguu nikubali upesi.

Nikasimama. Nikamwambia, "Mwanangu hana nafasi, bwana. Anasoma Kiingereza."

Babako,
Muhdhar