Upande wa Mbele wa Karatasi

Jumapili, 12 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo umepata nafuu baada ya zile sare ulizoshona mfululizo. Mwambie mpwa wangu picha yake nimeibandika juu ya kitanda. Mimi sijambo, ila jino la nyuma linanisumbua.

Wenye kampuni wapya wanazungumza Kihispania, kwa hiyo sisi wa ghalani tumeletewa mwalimu. Kila Jumatano baada ya chakula cha mchana tunakaa kati ya maboksi ya vigae, madaftari mapajani. Mwalimu ni mama wa makamo, mkalimani mstaafu, hana haraka wala hacheki ovyo.

Wiki mbili zilizopita tulifika kwenye somo la kuomba radhi na kutoa udhuru. Alisema perdón inatosha ukimkanyaga mtu mguu, lakini lo siento ni ya jambo linalouma. Kisha akatugawia karatasi. Mbele uandike kosa lako la kweli, nyuma udhuru. Unamsomea mwenzako upande wa mbele tu, halafu unampa karatasi. Kuigeuza au kutoigeuza ni hiari yake. Dereva wa foklifti, tunayemwita Kipaza kwa ajili ya sauti yake, aliomba radhi kwa kuchelewa Jumatatu. Mwenzake alipogeuza akakuta bibi yake Kipaza amefariki. Msimamizi akauliza huyo bibi ana roho ngapi, maana tumeshampa pole mara mbili tangu Januari.

Mimi sikuandika kitu. Nilimwambia mwalimu kwamba msamiati haunitoshi. Aliitazama karatasi yangu tupu, akasema taratibu, "Huo nao ni udhuru."

Msamiati nilikuwa nao. Nilichokuwa nacho pia, mfukoni, ni barua yako. Umeniandikia kwamba chuo cha uuguzi sasa kinapokea watu wazima, fomu mwisho tarehe 30, na binti yako hakupumzishi. Lakini hutajaza, kwa kuwa walishakukataa, na hutaki kuaibika mara ya pili kwenye mlango uleule.

Dada, hawakukukataa.

Sikutaka kuitegemea kumbukumbu yangu, nikafungua shajara ya mwaka ule. Alhamisi, 9 Machi: "Karani wa chuo amepiga simu saa nne. Dada amechaguliwa. Aripoti Jumatatu na vyeti vyake. Yuko duka la dawa. Sijamwambia." Tarehe 10: "Ameuliza kama kuna simu. Nimesema hakuna." Jumatatu, tarehe 13, nimeandika alama zangu za hesabu, basi.

Miaka kumi na mmoja nimekuacha uamini kwamba hukufaa. Siku ile ulipomwambia shangazi kuwa labda mwandiko wako ndio uliowachukiza, nilikuwepo, nikainamia sahani yangu. Ile lo siento nimeitamka mbele ya kioo mara nyingi na inatoka vizuri. Kwa lugha yetu ndipo sauti inapokwama. Nisamehe, dada.

Udhuru ninao, na jana niliujaza ukurasa mzima: baba asiyeweza kujigeuza kitandani, mtihani wangu wa mwisho, hofu ya kubaki naye peke yangu nikimwogesha na kumlisha. Niliusoma, nikauchana. Wewe ulikuwa na baba huyohuyo.

Nakuomba jambo moja. Jaza fomu. Pale wanapouliza kama uliwahi kuomba, andika kwamba uliomba na ukachaguliwa. Shajara nimeifunga pamoja na barua hii, uione kwa macho yako. Ukiamua kutonisemesha tena sitakulaumu, ila anza baada ya kuipeleka fomu.

Msalimie shemeji, na mpwa wangu mpe pongezi kwa kukusumbua. Aendelee.

Ni mimi, mdogo wako,
niliyepokea ile simu.