Chai Imenifika Kifuani kwa Sababu ya Hisa

Mpendwa Shangazi Bochaberi, naomba unisaidie kabla ya siku ya soko Mulot, maana siku hiyo ng'ombe wangu atauzwa na mimi sina wa kumwambia.

Mume wangu Johana aliniingiza katika kundi la WhatsApp la wanunuzi wa hisa, wote wakulima wadogo kama sisi, na huko kuna mmoja anayejiita Daktari wa Hisa ambaye kila asubuhi anasema kampuni fulani itapaa, watu wanajibu Amina, na ikishuka anasema hiyo ndiyo dalili ya kupaa, wanajibu Amina tena, basi siku moja nikauliza kwa heshima, "Hii kampuni inauza nini?" na kabla sijaweka simu chini nikatolewa, na Johana akaja jikoni, "Mama watoto, umeniaibisha mbele ya watu wa maana! Huko hakuna kuulizana, huko ni kushikilia tu!"

Shangazi, kushikilia huko kumeingia shambani, kwa sababu Daktari amewafundisha kwamba anayeuza ni mwoga, basi Johana amekataza chai yetu kuchumwa mpaka bei ipande, na chai haijui mambo ya hisa, imekua tu, imenifika kifuani, kuku wanataga humo hatuwaoni, na juzi mchungaji alipokuja kututembelea alipotelea humo tukamtafuta kwa kuimba pambio ili afuate sauti, na maziwa nayo hayauzwi, tunayagandisha yawe mursik mpaka vibuyu vimeisha nikaazima vya jirani yangu Chepchumba, na hata sadaka ya mavuno Johana alimwambia mzee wa kanisa bado anaishikilia.

Nilicheka, sikatai. Lakini sasa hisa zimeshuka tena, Daktari anasema huu ndio wakati wa kuongeza, na Johana, yule asiyeuza hata yai, anataka kumuuza Sirwa, ng'ombe niliyepewa na marehemu mama yangu, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyosomesha watoto kabla ya wazimu huu. Nimelia zizini, Shangazi. Je, nimwombe Daktari msamaha anirudishe kwenye kundi, ili Johana anisikilize tena?

Chepkurui, Konoin

Chepkurui, pole sana, na sasa tulia nikugombeze. Msamaha wa nini? Ukiuliza kampuni inauza nini ukatolewa nje, umeshajibiwa. Lakini wewe nawe! Chai ilikufika kiunoni ukacheka, ikakufika kifuani ukacheka, ulingoja ikufike wapi? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kesho waite Chepchumba na akina mama wa kikundi chenu, muingie shambani. Majani yaliyokomaa karani wa kituo cha kununulia chai atayakataa, na ana haki, kwa hiyo pogoeni. Mtakaa miezi bila kuchuma, lakini kuni mtakuwa nazo. Mursik peleka kanisani, mchungaji aanze, ameteseka.

Johana usimtukane. Amechoka kungojea bonasi ya chai isiyotosha, akatokea mtu wa kumwahidi mlima wa pesa. Kununua hisa si dhambi, ila mtu hununua anachokielewa, na kwa pesa ambazo zikipotea watoto bado watakula.

Sirwa haondoki. Siku ya soko Johana akija na kamba, usilie wala usipige kelele. Mwite yule mzee wa kanisa awe shahidi, usimame kwenye mlango wa zizi, kisha umwambie kwa upole, "Baba watoto, anayeuza ni mwoga. Shikilia."