Sukari ya Salome

Jumatatu, 5 Oktoba 1953

Ulikuwa wapi, wewe Eliza? Tangu Pasaka hujatia mguu humu. Mende wamekula pembe za daftari, penseli imelala. Msomaji wa humu ni wewe peke yako, na hata wewe hufiki. Usiniambie hukusoma shule. Herufi ulipewa darasa la ubatizo, mtoto akiwa mgongoni. Zitumie.

Haya. Leo nimemenya ndizi, nimeinjika maharage, nimempelekea mzee uji. Zakaria akapokea kwa mikono miwili kama mgeni. Akasema, "Asante, mama. Wewe ni wa nyumba ya nani?"

Watoto sita nimemzalia.

Bado nimesimama, Salome akatokea kwenye migomba na birika lake. Yuko mbali, uso hauonekani. Mzee akasema, "Salome huyo, analeta chai." Jina zima, bila kukwama. Nimeona wivu, nikageuka ghafla, kiwiko kikapiga bakuli lake. Uji wote chini.

Alhamisi, 8 Oktoba

Salome ni mjane wa mdogo wake Zakaria. Kibanja chake cha migomba na chetu vimegusana, hapa Kimwani. Ana mtoto mmoja, mwenye duka Bukoba mjini. Kila lori linalokuja linamletea mama sukari, majani ya chai, mkate wa dukani. Chai yake kijiko kinasimama wima.

Nimekaa nimemwangalia mzee leo. Akishakunywa ile chai anachangamka. Anacheka, anasimulia alivyobeba mizigo ya Wazungu akiwa kijana. Jua likipanda anazimika. Hajui mlango wa kutokea. Anakunywa maji kama ng'ombe, kisha anakojoa, kisha anaomba maji tena. Mwili umepungua, suruali anaishika kwa mkono.

Nimemwambia Salome apunguze utamu. Akacheka. "Waitu, Ma Eliza, si na wewe umwekee kitamu? Shemeji anajua palipo na utamu."

Nimemchukia. Shambani kutwa nzima nilikuwa namjibu peke yangu, na majibu yalikuwa mazuri kuliko aliyoyasikia.

Jumapili, 11 Oktoba

Kanisani. Zakaria ameimba wimbo wote, beti zote, bila kitabu. Nikajivuna. Tulipotoka akaniuliza mbele ya watu, "Mke wangu amebaki nyumbani leo? Anaumwa?"

Wanawake walijiziba midomo kwa kanga. Salome akamshika mkono akamwongoza njiani. Mimi nilifuata nyuma na Biblia mbili.

Jumatano, 14 Oktoba

Tumepanda lori mpaka Bukoba, mimi na yeye, juu ya magunia ya kahawa. Hospitali tulipokelewa na dresa, msaidizi wa daktari, kijana mpole, mikono safi. Akataka mkojo wa mzee. Akauchemsha na dawa ya buluu. Buluu ikageuka kijani, kijani ikawa nyekundu kama tofali. Nilishika benchi.

Akasema ni sukari, imejaa mwilini. Sukari ikizidi hivyo akili inatiwa moshi, kama jiko lenye kuni mbichi. Hakuahidi yote yatarudi. Alisema mzee ni mzee, kuna yaliyokwenda na umri. Lakini moshi unaweza kupungua. Tuache sukari, mkate mweupe, ndizi mbivu na maji yake, omuramba. Hata pombe yake, rubisi. Ale maharage, mboga, samaki, samli kidogo, maana kichwa nacho kinataka mafuta yake.

Nilifurahi. Nitasema kweli, maana hapa hanisikii mtu. Nilifurahi kwa kuwa ugonjwa ulikuwa na jina, na kwangu jina hilo lilikuwa Salome.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nimemfuata mlangoni kwake asubuhi. Nikamwambia, "Sukari yako inamla shemeji yako ubongo." Alikuwa ameshika birika. Akaliweka chini. Nikaondoka na mwendo wa harusi.

Ijumaa, 23 Oktoba

Nimeondoa vyote alivyokataza. Halafu nikafikiri zaidi ya dresa. Ndizi mbivu imetoka wapi? Si ilikuwa mbichi juzi? Basi utamu umejificha humo humo, unangoja. Nikaondoa na ndizi za kupika. Nyumbani kwangu sasa ni kambale mkavu, mboga na samli. Samli aliyosema kidogo mimi namimina kwa upawa. Kama mafuta yanafaa kichwa, tuyaweke ya kutosha.

Mzee anakaa mbele ya sahani anatafuta. Anainua kambale, anachungulia chini yake. "Na chakula?"

Namwambia ndicho hicho. Ananitazama kama mwizi.

Salome haji. Nyumba imenyamaza. Nilidhani nitafurahi zaidi ya hivi.

Jumanne, 27 Oktoba

Siku mbaya.

Tumbo la mzee limemwendesha tangu Jumapili. Samli yote imepita ilivyoingia. Leo nimetoka kuchota maji, nimerudi kiti kitupu. Nimemtafuta kwenye kibanja, kisimani, barabarani. Nimemkuta kwa Salome, uani, majirani wamejaa. Anawaambia, "Kwangu kuna mwanamke ananinyima chakula. Tangu nimefika hajanipikia."

Mimi. Eti namnyima. Mimi niliyekula maganda mwaka wa njaa ili yeye na watoto wale.

Mbele yake palikuwa na ndizi mbichi za kuchemsha, chache, na maharage mengi. Kikombe cha maji. Nikamrukia Salome, "Umempa nini tena?" Akasema taratibu, "Tangu siku ile sijampa hata punje ya sukari, dada. Ulisema inamuua. Ningempaje?"

Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Nilitaka awe mbaya.

Akaongeza, "Lakini mwanaume wa Kihaya bila ndizi? Hata hiyo akili iliyobaki utaifukuza."

Watu wakacheka. Hata jirani yetu kiziwi alicheka, sijui alisikia nini. Nimemkokota mzee nyumbani. Nimelia jikoni, nikasingizia moshi.

Dresa hakukataza ndizi mbichi. Niliikataza mimi.

Jumamosi, 7 Novemba

Tumepatana bila kupatanishwa. Salome alileta mboga, mimi nikampa kambale, basi. Mzee anakula ndizi mbichi kiasi, maharage yanazidi ndizi, samaki, samli ya kijiko. Chai anakunywa nyeusi, bila sukari, anaikunjia uso.

Maji hayaombi tena kama zamani. Mchana hazimiki. Jana alidai panga lake, akaenda akapogoa migomba, hakukosea hata mmoja. Leo mjukuu amepita anakimbia, mzee akamwita kwa jina, akamwambia avae shati.

Nikasogea. Nikakaa mbele yake kabisa ili nami niitwe. Akasema, "Mama, umenizibia jua."

Mlango anaujua. Migomba anaijua. Mjukuu, Salome, mbuzi. Mimi tu. Naandika hivi nimekasirika na sina wa kumkasirikia.

Jumatatu, 16 Novemba

Senene wameshuka. Alfajiri nyasi zote zilikuwa zinatembea. Tumetoka na vikapu, mimi na Salome, tumelowa mpaka kiunoni. Tumekaa uani kwake kunyonyoa mabawa na miguu. Kazi ya wanawake. Kula ni kwa wanaume. Mama yangu alinyonyoa, bibi yangu alinyonyoa, hakuna aliyeonja. Wanawake wa mjini siku hizi nasikia wanakula. Mimi sijawahi.

Salome akasema bila kuinua macho, "Unajua shemeji ananiuliza nini nikiwa naye?"

Nikasema sijui na sitaki kujua.

"Ananiuliza watoto wetu sita wamekula. Ananiuliza goti langu limepona tangu nilipoanguka na mtungi. Mimi nina mtoto mmoja, Ma Eliza. Sijawahi kuanguka na mtungi."

Aliyeanguka na mtungi ni mimi. Goti ni hili hapa, bado linauma mvua ikija.

"Na hukuniambia," nikasema.

"Ulikuwa unaniambia wewe. Nafasi ningeipata wapi?"

Tuliendelea kunyonyoa. Bado namwonea wivu. Jina ni lake, linakaa mdomoni mwa mume wangu. Lakini wivu umekonda kidogo.

Jumatano, 18 Novemba

Mvua imekatika mchana. Nimekaanga senene kwa mafuta yao wenyewe, chumvi kidogo, nikamwekea mzee barazani. Nikakaa chini kuchambua maharage.

Alikula kwa utulivu. Kisha akachagua mmoja mnene, akaunyosha mkono kwangu. Amesahau kwamba hatuli. Maisha yote alikula mbele yangu na kuniachia harufu tu, na leo amesahau.

"Kula, Salome," akasema. "Umechoka leo. Goti linakusumbua."

Nilitaka kumsahihisha. Jina langu lilifika mpaka kwenye meno. Nikaangalia mkono wake, mafuta yanang'aa vidoleni, haushuki mpaka nipokee.

Nikapokea. Nikala. Mtamu, mwororo, mafuta yakajaa kinywa chote. Akanipa mwingine. Tukala mpaka bakuli likaisha, yeye mmoja, mimi mmoja, na maharage hayakuchambuliwa.

Amelala sasa. Anapumua vizuri.

Ukirudi humu, Eliza, na usikawie tena, anza kwa kuandika amekula nini na amelalaje. Alivyokuita, weka chini kabisa, na kama ukurasa umejaa, acha.