Muntu ya Caisse

Jumatano, 19 Novemba 2025

Matthias ameandika! Matthias mwenyewe — yule mzee Mbelgiji aliyezaliwa hapa Kamina kwenye base ya jeshi, aliyekuja mwaka juzi kutafuta nyumba ya wazazi wake, na padri akanipa mimi kazi ya kumtafsiria. (Mimi! Muda wote nilitazama viatu vyake.) Ana mashua ya tanga. Yeye na mke wake Talitha wako nayo Walvis Bay, kule Namibia, pale tonton Stanislas, ndugu wa Papa, anapoendaga kuchukua magari ya watu. Mwezi wa kwanza wanavuka bahari mpaka Brazil. Wanataka mtu mmoja wa kusaidia kazi ndani. Anauliza kama nitapenda.

Kama nitapenda! Simu ililowa jasho mkononi.

Niliwasomea mezani. Kifaransa kwanza, halafu Kiswahili. «Équipier, avec participation à la caisse de bord.» Bado natafuta namna ya kugeuza hayo ya mwisho, Mama akaruka:

— Ku caisse? Banakuweka ku caisse?

Dada yangu mkubwa, yaya Christelle, akapiga meza. Monsieur Kimya amekuwa caissier, mshika pesa!

Sasa ukweli, niuseme hapa kwa sababu hapa hakuna mtu. Hiyo caisse si ya duka. Ni kikapu cha wote: kila aliye ndani ya mashua anatia fungu lake, la chakula na la bandari. Matthias alieleza wazi kabisa mwishoni mwa ujumbe. Silipwi. Ninatumika kazi NA ninatoa. Nilielewa. Lakini kinywa kilikuwa kimejaa bukari, na nilipomaliza kumeza Mama alikuwa tayari anaimba.

Mama akiimba, nani anamkatiza?

Ijumaa, 21 Novemba

Matthias ametuma video ya fundo. Nyoka anatoka kisimani, anazunguka mti, anarudi kisimani. Rahisi! Nilijaribu kwa kamba ya mbuzi. Nyoka wangu alizunguka mti mara mbili, sijui kwa nini. Fundo likakataa kufunguka, mbuzi akalia, Mama akaja na kisu akakata kamba nzima.

— Kama njo vile utafunga bateau, haitatoka fasi, itabakia pale pale.

Papa amepiga simu toka Bukama, anafanya kazi gare ya treni ya huko. Neno lake lilikuwa fupi: mama yako akiitika, minyi sina neno. Kwa hiyo yote yako kwa Mama. Na Mama ameitika. Ameitika kitu kingine.

Jumapili, 23 Novemba

Kristo Mfalme. Misa ndefu. Baada ya misa, mbele ya kanisa, akina mama wa soko la samaki walinizunguka kama mzigo mpya wa samaki kutoka Kinkondja. Mama Kapinga, anayeuza karibu na Mama, alinishika shati:

— Ku caisse? Mama Béni, huyu ataota tumbo! Bantu ba caisse bote beko na tumbo.

— Acha aote! Hii mifupa yake inanichokesha.

— Na haya yake hii? Atalomba bazungu makuta namna gani? Atabageuzia mugongo?

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nikacheka nao. Hiyo njo inaniuma. Si kwamba nilinyamaza tu — nilicheka.

Jumanne, 25 Novemba

Nimemwambia mtu! Si Mama. Madame Bibiche, kule kambini kwa askari. Nafundisha watoto wake Kifaransa, na yeye ananitunzia malipo yangu, kwa sababu kwetu makuta haikai, pesa ikiingia inatoka. Mume wake ni adjudant. Wametokea mbali, Mbandaka, na Kiswahili chake kina Kilingala ndani kama chumvi. Fungu langu la mashua litatoka kwenye hiyo akiba. Basi ilibidi nimweleze.

— Unalipa na unatumika? Béni! Hiyo kazi ya wapi?

Nikatafuta jibu kwenye sakafu. Nikalipata, sijui lilitoka wapi. Nikasema: ni kama shule. Shule pia tunalipa, na tunatumika.

Halafu akacheka sana.

— Eh, kweli! Na darasa tunafagia sisi wenyewe!

Nilitoka moto usoni lakini nimefurahi. Nikamweleza mengine: Matthias ataandika maili zote nitakazosafiri na kutia sahihi, na ukiwa na maili, shule ya mabaharia inakusikiliza. Sikuwahi kumwambia mtu kwamba nataka hiyo. Mtu wa Kamina, baharia! Hata hapa naona haya kuandika.

Lakini alipomaliza kucheka akasema: makuta yako iko. Kuja na mama yako, nitakupa mbele yake. Bila mama, hapana.

Jumamosi, 29 Novemba

Leo pia sikusema. Niliingia jikoni, Mama anageuza samaki.

— Mama...

— Ee?

— Moto unazimika.

Moto haukuwa unazimika.

Jumatatu, 1 Desemba

Tonton Stanislas amefika. Anatoka Alhamisi ya juma lijalo: treni mpaka Lubumbashi, halafu basi, Zambia, Namibia. Kiti changu kipo. Visa ya Namibia ipo, ya Brazil Talitha anaifuatia. Nilikuwa na furaha mpaka niliporudi ndani.

Yaya Christelle alikuwa amekaa mlangoni anapaka chokaa viatu vyeupe. Viatu vyake vya stage ya hospitali, vya wakati alipokuwa anasomea uuguzi, kabla hajaacha ili auze samaki na Mama. Nikauliza: unaenda wapi?

— Ku shule! Mama amesema. Weye utatuma makuta, minyi narudia ku shule. Caissier wetu!

Alininyunyizia maji ya chokaa. Alikuwa mzuri, yaya, anacheka vile.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama, kabla miguu haijafikiri. Nikasema: Mama, hawatanilipa. Minyi njo nalipa. Caisse ni yetu wote, kila mtu anatia.

Nilisema kwa sauti gani sijui. Kubwa, nadhani. Yaya alisikia, alisimama na kiatu kimoja mkononi.

Mama hakupiga kelele. Ningependa apige.

— Unajua tangu lini?

— Tangu siku ya kwanza.

— Ulinisikia mbele ya kanisa.

— Ndiyo, Mama.

Akafuta mikono. Akaenda sokoni. Samaki aliwaacha.

Jumanne, 2 Desemba

Sahani inawekwa mbele yangu, inatolewa. Sijapigwa, sijatukanwa. Tonton anajifanya anatengeneza redio.

Mchana yaya alikuja kukaa karibu nami.

— Weye! Maneno yako ni moja kwa mwaka, na hiyo moja inabomoa nyumba.

Nikamwambia, viatu vyako... Akanikata: viatu havinitoshi tena, miguu imekua. (Uongo. Nilimwona navyo jana, vilimkaa vizuri.) Halafu akasema kitu nitakachokitunza: nilizani utaenda mpaka Brazil na kinywa ya kufunga. Lakini ulisema.

Jumatano, 3 Desemba

Mama alikwenda kambini peke yake! Kwa Madame Bibiche! Sijui nani alimwambia. Yaya, nadhani. Amerudi na vumbi mpaka magotini. Amekaa kwenye kiti cha Papa.

— Béni. Ni shule?

— Ni kama shule, Mama.

— Iko na diplôme?

Nikamweleza maili, sahihi, shule ya mabaharia. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma, nikichanganya na Kifaransa, lakini nilieleza mpaka mwisho nikimtazama. Alinisikiliza kama anavyosikiliza mchuuzi asiyemjua bado.

— Na Christelle?

Nikasema: sijui, Mama.

— Hiyo angalau ni kweli, akasema.

Si ndiyo. Si hapana pia! Nimeandika kwa Matthias kwamba bado naomba ruhusa. Sikuandika zaidi.

Jumamosi, 6 Desemba

Naandika haraka, Mama anarudi sasa hivi.

Leo mchana, yaya yuko sokoni, tonton yuko kwa rafiki zake. Mama akaniita uani.

— Pigia simu ule mama wa bateau. Hapana muzee. Mama.

Talitha akaitika. Nikaweka haut-parleur, Mama asikie. Mama akamsalimia kama mtu anavyopaswa kusalimiwa: nyumba, mwili, wazazi, watoto, safari. Nilitafsiri yote. Talitha alijibu ça va, ça va, tena ça va, nikasikia anatabasamu.

Halafu maswali. Nani anapika? Kwa zamu, kila mtu. Analala wapi? Ana kitanda chake, chembamba. Usiku? Usiku pia ni zamu, mmoja anaangalia mbele, wengine wanalala. Mama akaguna. Hiyo aliipenda, namjua.

Halafu:

— Mwambie hivi: mutoto yangu akinyamaza, hapana kusema ameitika. Akigonjwa hatasema. Akikosea hatasema. Muangalie ku masikio. Masikio njo inakuwa nyekundu.

Nilipaswa kutafsiri hiyo! Mimi! Nikageuza kila neno, hata masikio. Talitha akasema ameelewa, ataangalia masikio. Yangu yalikuwa yanawaka pale pale.

Nilidhani tumemaliza. Mama akashusha sauti. Akasema ndugu yake Kisimba alizama ziwa Kisale, mtumbwi ulipinduka, akatafutwa mpaka watu wakachoka, na mpaka leo hana kaburi la kumwonyesha mtu. (Jina la mjomba Kisimba nalijua. Kaburi — sikujua kwamba hakuna.) Akasema:

— Muulize. Béni akifwa ku mayi kule, watamuzika wapi?

Nikamtazama. Uliza, akasema. Basi nikauliza. Kwa Kifaransa nilisema «si je meurs», nikifa, kwa sababu ni mimi.

Talitha alisema mengi, polepole, na mwisho wa maneno yake simu ikakata. Unité za simu zimekwisha.

— Amesema nini?

Uani tulikuwa wawili tu. Mama hajui Kifaransa. Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema: anasema haitatokea kamwe, Mama, Mungu yupo.

Nikamwambia alivyosema. Kwamba mbali kule, mtu akifa, anabaki baharini. Kwamba yeye hawezi kumdanganya mama mwenzake. Kwamba wote wanajifunga mkanda kwenye mashua, usiku na mchana, hata bahari ikitulia, na mkanda wangu ataukagua kwa mikono yake kabla ya kila zamu. Kwamba yeye mwenyewe anaogopa kila mara mume wake akiwa nje na yeye amelala. Kwamba akisema haogopi, Mama asimpe mtoto.

Mama alitazama simu kama yule mwanamke bado yumo ndani.

— Basi ule anasema kweli, akasema.

Kisha akasimama.

— Minyi iko na maulizo ingine.

Na amekwenda yeye mwenyewe kwenye kibanda cha Tshibangu kuleta unité. Si kunituma mimi. Amekwenda! Kabla ya kutoka alifungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya vizuri mbele ya kioo, kama vile Talitha atamwona.

Namwona sasa pale barabarani. Anatembea haraka, anakwangua kadi kwa ukucha huku anakuja, anasema peke yake — anapanga maulizo, midomo inakwenda. Tshibangu anamwita, amesahau chenji. Hageuki.

Amefika. Anasema: acha kuandika, weka sauti. Nimeweka.

Inaita —