Kwa Saidi, Uliyeifungia Bunduki Ndani ya Ngozi

Shemeji Saidi,

Nakuita shemeji kwa mazoea tu, maana ushemeji wetu ulishakwisha na mwalimu wa madrasa alishuhudia. Salamu nakupa nusu. Nusu nyingine nimewabakizia watu wanaolima.

Barua hii nimempa dereva wa lori la ufuta, na nimemwambia asikukabidhi mkononi. Aisome kwa sauti hapo kwa kinyozi, Lindi, mbele ya hao unaowasimulia kila siku kwamba wewe ni fundi mkubwa uliyefukuzwa Ruangwa na watu wa porini wasiojua kazi ya mikono. Mwandiko wangu mbaya, najua. Darasa la pili nilimaliza, la tatu nilichungulia mlangoni, nikaona hesabu, nikarudi sokoni. Lakini dereva kaujaribu, kasema anausoma. Nyie mnaonyolewa msicheke sana, wembe uko shingoni.

Haya, tuanze Nachingwea, maana huko ndiko tulikokutana, enzi za karanga. Wazungu wanang'oa miti kwa matrekta, vumbi mpaka kwenye uji, vijana wa kila kabila wamejazana kutafuta kibarua. Mimi kibarua sikutaka. Mimi nilikuwa nauza. Mayai, kuku, makopo matupu, viatu vilivyokufa nikavifufua. Wale watu wamevuka bahari kuja kulima karanga, na mimi ndiye niliyekuwa nawauzia karanga, za kuchemsha, kutoka shambani kwa mama yangu, kijijini kwetu Likunja, Ruangwa. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu njiani, watu wananipisha.

Wewe ulikuwa boi wa yule Bwana fundi wa matrekta. Ulikuwa safi, kanzu nyeupe, unanunua mayai kwa kuyatikisa sikioni kama unapigiwa simu. Jioni Bwana wako alikaa barazani na sanduku lake la mbao, anashona ngozi. Mifuko ya bastola, ile ya kuvaa kiunoni kwenye mkanda. Anawashonea wenzake, hachukui hata senti. Nilikuuliza, huyu mtu mchana kutwa yuko chini ya trekta, jioni anafanya kazi nyingine ya bure, kalogwa? Ukanijibu kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Hii si kazi, bwana. Hii ni starehe." Nikaangalia vidole vyake vimetobolewa kila mahali na msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Nikasema Mungu anipe starehe nyingine.

Karanga zilipogoma kuota wazungu wakafungasha, na Bwana wako akakuachia lile sanduku. Vyombo vya zamani, alisema vilikuwa vya babu yake: kisu cha duara kama mwezi mchanga, misharasi yenye mipini iliyong'aa kwa jasho, nyundo ya mti, mihuri midogo ya chuma ya kupigia maua kwenye ngozi. Akakuachia na ngozi laini za kwao, zile zilizokwisha tengenezwa. Wenzako waliachiwa mablanketi na masufuria. Wewe ulibeba sanduku kichwani kama umebeba mwana wa mfalme.

Nami mjinga, nikakuona mtu wa maana, nikakuleta kwetu. Ukamuona dada yangu Somoe, ukamtaka, naye akakutaka. Sikatai, siku za mwanzo alicheka sana na wewe.

Sasa hao wa kwa kinyozi waelewe. Kwetu sisi Wamwera mwanamume ndiye anayekuja kuoa ukweni. Nyumba ni ya mke, shamba ni la kwao mke, na bwana harusi anaoneshwa jembe kabla hajaoneshwa sahani. Wewe ulioneshwa. Ukalishika, ukaliangalia mpini, ukasema mpini huu ungependeza ukivalishwa ngozi. Ukauvalisha. Ukapiga na maua. Jembe likawa zuri kiasi kwamba ulikataa lisiguswe na udongo, ukalitundika ukutani. Mama yetu akalitazama, akatazama uso wako. Mama akitazama hivyo mimi hutafuta safari.

Ukaanza kushona. Mwaka mzima wa kulima unashona. Somoe anafyeka, wewe unashona. Somoe anapanda mahindi na mtama, anapalilia, wewe unavuta uzi kwenye nta. Na unashona nini? Mifuko ya bastola. Likunja. Nani Likunja ana bastola? Ukanipa nikakuuzie, nikazunguka nayo soko la Ruangwa mpaka Nkowe kwa baiskeli, na mimi, shemeji, nimeshawahi kumuuzia kipara chanuo. Mifuko yako ilinishinda. Mzee mmoja aliuchukua, akajaribu kuweka tumbaku, tumbaku ikamwagika chini kwenye tundu la mtutu. Akanirudishia kwa pole, kama anamrudisha mgonjwa kwao.

Ukaamua kuvaa mwenyewe. Unakumbuka ile siku Nachingwea? Umejifunga mkanda, mfuko unaning'inia pajani, unatembea umepanua miguu. Askari akatusimamisha, akakuuliza una kibali cha bastola? Nikakuona jasho linakutoka mpaka kwenye nyusi. Akafungua kifuniko polepole, akaingiza mkono, akatoa muhogo wa kuchemsha. Chakula chako cha mchana. Akauangalia mbele na nyuma, akasema anauchukua kwa uchunguzi, akaula pale pale. Mimi nilikaa chini kwa kucheka. Wewe ulichouliza njiani, mara mbili tatu, ni kama nilimuona askari anauangalia mshono.

Alikuwa anauangalia, ndiyo. Mshono wako ulikuwa mzuri, tena mzuri sana, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mikono ya namna hiyo, na kichwa cha namna hiyo, kwa mtu mmoja.

Basi tufike kwenye yale unayoyaruka ukiwasimulia.

Mwaka ule mvua ilikuwa mbaya, mashamba ya watu wengi yalikauka. La Somoe lilikuwa bondeni, likapona. Mahindi yamebeba, mtama umeinama. Ndilo lilikuwa la kula sote mpaka mvua nyingine: yeye, mama, wewe na sanduku lako. Nguruwe pori wakaanza. Walimaliza kwa jirani wa juu, wakamaliza kwa jirani wa chini, zamu ikawa ya kwetu. Na nguruwe ni hasara tupu, angekuwa swala angalau tungekula kilichotula.

Nikapanda baiskeli mpaka Kilimarondo kumuomba Mzee Lipande, mwindaji, aje na gobori lake. Ilibidi nimbembeleze, maana huko kwao wanyama wanakaa karibu na mashamba kuliko majirani. Akaja. Asubuhi akafika kwa Somoe, akala, akajinyoosha kwenye mkeka apumzike akisubiri jioni. Bunduki akaiegemeza ukutani.

Wewe ukaiona. Kwa mara ya kwanza tangu uingie Likunja, silaha ya kweli imekuja nyumbani kwako.

Ukamwambia mzee bunduki kama hii haitakiwi kutembea uchi. Ukamuomba uipime tu. Mzee wa watu akajua kupima ni kwa kamba, akakubali, akalala. Ngozi laini za Bwana wako zilikuwa zimekwisha, ukachukua ngozi mbichi ya yule ng'ombe aliyechinjwa Maulidi, ukailoweka, ukaivisha bunduki mzima mzima, mtutu, kifyatulio, jogoo lake, kile chuma cha nyuma kinachopiga fataki, kila kitu mpaka nusu ya kitako. Ukashona juu kwa juu, ukapiga na maua, ukaiweka juani ishike umbo. Ndivyo alivyokuwa akifanya Bwana, ulisema. Ndivyo, ila Bwana alikuwa na ngozi iliyotengenezwa. Ngozi mbichi ikikauka inafanya nini? Muulize mtoto yeyote wa kwetu aliyewahi kuona ngoma inawambwa. Uliishi Likunja, ulicheza ngoma zetu, ulikula pilau ya jando letu, na hata siku moja hukuuliza kwa nini ngoma inalia.

Alasiri nikafika na mafuta ya taa, nikakuta watu uani. Mzee Lipande anavuta kitako, wewe unavuta mtutu, kama mnamzalisha ng'ombe. Nikashika na mimi. Haitoki. Ngozi imekaza, imekuwa ubao. Jogoo la bunduki limelala ndani kama kifaranga kwenye yai. Tukajaribu kisu cha jikoni, kikateleza. Mzee akasema kisu chenye makali ya kuikata hii ni kile cha duara, kiko wapi? Kwenye sanduku. Na ufunguo wa sanduku ulikuwa shingoni kwako.

Somoe alikuwa amerudi kutoka shambani kuangalia kwa nini mzee hajaja. Akaangalia ile bunduki, akaelewa upesi kuliko sisi wote. Akasema, "Kata."

Ukasema tuiloweke, itaachia yenyewe, kufika asubuhi itakuwa imetoka bila jeraha.

"Nguruwe hawangoji asubuhi, Saidi. Kata."

Ukaukumbatia ule mzigo kifuani. Na maneno yako nayaandika hapa kama ulivyoyasema, hao wa kwa kinyozi wayasikie: "Nguruwe wanaweza wasije. Lakini hii nikiikata, sitashona tena kama hii."

Nilitaka kukuvamia. Somoe akanishika mkono. Sikujua wakati ule kwa nini alinishika, nilidhani ni huruma; kumbe alitaka uchague mwenyewe. Akachukua debe na fimbo, akaenda shambani. Mimi na mzee tukamfuata na moto. Wewe ukabaki unajaza beseni maji.

Hayo ya shambani sitakueleza, hukuwepo na hukuuliza. Tulipiga debe, tulipiga kelele, sauti zilikatika. Wanatoka upande huu, wanaingia upande ule. Kulipopambazuka mahindi yamelala chini kama mkeka uliofumuliwa, na mtama umekanyagwa mpaka huwezi kujua ulikuwa mtama. Mzee Lipande alikuwa anaokota vigunzi, anavitazama, anavitupa. Aliona aibu, yeye ambaye hakukosa kitu.

Tukarudi nyumbani. Wewe uko barazani, umekaa, unacheka. Umeitoa. Ngozi imelainika usiku kucha, imeachia, na ule mfuko umeuinua juu kwa mikono miwili unamuonesha mke wako, dada yangu, ambaye ana matope mpaka kiunoni na sauti hana.

"Somoe, tazama. Imetoka nzima."

Akautazama. Akauchukua hata, akapitisha kidole kwenye maua, ua moja moja. Mimi nikajua sasa anakupiga nao. Akasema, kwa ile sauti iliyokauka, "Mzuri." Akakurudishia. Akaingia ndani, akatoka na sanduku lako, akaliweka njiani. Akaingia tena, akatoka na kanzu yako, imekunjwa. Akaweka na jembe lile la ukutani juu yake, safi, halijawahi kuona udongo. Ukaniangalia mimi, eti niseme kitu. Nilikwambia tu kwamba nimesikia Lindi mvua ni nzuri mwaka huo. Mzee Lipande alichukua bunduki yake yenye maji mpaka ndani ya mtutu, akaondoka bila kuaga mtu, na mpaka leo nikipita Kilimarondo navuka barabara.

Talaka uliitoa siku ile ile, kwa hasira, kwa mwalimu. Ukadhani umemuadhibu.

Njaa tuliiona. Nilikuwa natoa muhogo Nkowe kwa baiskeli, nauza nusu njiani ili ninunue mwingine. Mama alikonda. Somoe alilima msimu uliofuata akiwa na jembe la kuazima, kisha akapata lake. Hatukufa, unaona naandika. Lakini usiwaambie watu kwamba tulikufukuza kwa kutojua kazi ya mikono. Tuliijua. Tuliiona nzima, imeinuliwa juu, asubuhi ile. Fundi hakufukuzwa na mtu. Aliyeondoka pale ni mwanamume aliyewekewa mke na mfuko kwenye mizani, akasita.

Sasa dereva kaniletea salamu zako. Kwamba mambo yamekunyookea, unashona mikanda na viatu vya wenye maduka, una chumba cha bati, na unauliza kama Somoe kaolewa, na kama hajaolewa atakuja. Kwanza nilitaka kukujibu mwenyewe, nina majibu mengi, mengine hayafai kusomwa mbele za watu. Kisha nikaona haki ni yake. Nikaenda shambani juzi. Alikuwa anapepeta ufuta, ungo juu, makapi yanaruka. Nikamwambia, Saidi kaleta salamu.

Akauliza, "Saidi gani?"

Hakunitania, namjua dada yangu akitania. Kwetu akina Saidi ni wengi, alitaka kujua yupi. Nikamwambia, Saidi aliyekuwa mume wako. Akainua ungo tena.

"Sogea, kaka," akasema. "Umenizibia upepo."

Nikasogea.

Kaa salama hukohuko.

Ni mimi, kaka yake Somoe