Kumuleta Sidonie Kupimwa

Jumapili, 2 Juni 2024

Kanisani leo, kabla ya baraka, muganga Nizigiyimana wa kituo cha afya alisimama mbele. Wanawake wa miaka thelathini mpaka arobaini na tisa waende siku yoyote ya Jumatano kupimwa kansa ya mlango wa kizazi. Hata asiyeumwa. Hasa asiyeumwa, akarudia. Tukainamisha macho wote.

Minye nilimuwaza yaya wangu, dada yangu mkubwa, Concilie. Miaka sita sasa udongoni, kule Kiringye. Alitokwa damu mwaka mzima akituficha, akifua vitambaa vyake peke yake. Tulipomfikisha Bukavu, daktari alisema tumechelewa.

Nitaenda.

Jumatano, 5 Juni

Nimeenda. Aibu, ndiyo — mama wa miaka arobaini na sita kulala vile, magoti juu. Nizigiyimana akanipaka siki, hii hii ya jikoni, akangoja, akaangalia na taa. Nikatazama dari. Nikamkumbuka yaya akiniogesha kwenye mufereji wa mpunga, ningali mudogo. Mikono yake migumu ya jembe, lakini masikio aliyasugua polepole. Aliimba nyimbo za Kifuliiru, akigeuza maneno ili jina langu liingie. Hakuna mwingine aliyewahi kunitia kwenye wimbo.

Iko doa jeupe, akasema Nizigiyimana. Si kansa. Ila likiachwa miaka, linaweza kuwa kansa. Akalichoma hapo hapo na kachuma ka moto. Maumivu kama ya mwezi, basi. Nirudi baada ya mwaka.

Haikufika nusu saa. Nimerudi kwa miguu mpaka kwetu Mulongwe nikilia. Si kwa ajili yangu.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepigia simu Sidonie, binti ya yaya. Miaka thelathini na mbili, watoto wanne, analima mashamba yale yale ya mama yake. Nikamwambia aje apimwe.

— Mama mudogo, minye siumwi kitu.

Nikasema mama yake pia hakuumwa kitu, mwanzo. Akasema mpunga unangoja kuvunwa, akakata.

Jumamosi, 8 Juni

Kiringye, na pikipiki, tangu asubuhi. Sidonie amenipikia sombe ya majani ya muhogo na ndakala, vile visamaki vikavu, kama mama yake alivyopika: pilipili mingi kupita kiasi. Anacheka kama yeye pia, mkono mdomoni. Tulichambua maharagi mlangoni, pale yaya alipopenda kukaa jioni akiita kila mpita njia kwa jina la baba yake. Kwa muda nilisahau nilichofuata.

Tulipobaki wawili, akasema mwenyewe. Haogopi kipimo. Anaogopa lile neno. Kule Bukavu ni yeye alikuwa ndani na mama yake wakati daktari anaongea.

— Nikiambiwa na mimi, nani atalea hawa?

Hasira ya simu ile ikaniisha. Nikamwambia lile doa langu, ambalo sijamwambia hata mume wangu.

— Weye? Walikukuta na kitu?

— Walikikuta, wakakichoma. Na leo nimekaa saa mbili juu ya pikipiki.

Alinitazama sana. Aliinuka, akaomba jirani amuangalizie watoto siku ya Jumanne na Jumatano.

Jumatano, 12 Juni

Naandika kwenye benchi ya kituo. Sidonie amelala kwetu jana, ameamka kabla yangu, amefagia uwanja mzima bila kuombwa.

Ameingia. Mama aliyemtangulia alitoka upesi, akifunga kikwembe kiunoni na kucheka. Sidonie bado. Wanawake wawili wamenisogelea, wanauliza kama inauma. Nimewajibu haiumi, nikisikiliza mlango.

Nizigiyimana anaongea, polepole, maneno mengi; nimesikia doa, nimesikia kuchoma. Sidonie anauliza:

— Leo hii?

— Leo hii, mama.

Nimesimama, nimekaa tena. Sasa kitanda kimelia — amelala tena.